Kutengeneza ndani ya gari la zamani ukiwa nyumbani Kianjokoma, bila kuliwa pesa ya spea

Ukipanda kutoka Embu mjini kuelekea Kianjokoma, baridi inakushika kabla hujafika. Kahawa inapungua, majani chai yanaanza, na mvua ya huku ikiamua kunyesha haina mchezo. Magari yanayofanya kazi huku yanajulikana: Corolla, Probox, Hilux, na hapa na pale Peugeot 504 ambayo imekataa kustaafu. Leo gari linabeba abiria, kesho mitungi ya maziwa, kesho kutwa magunia ya mbolea. Injini huangaliwa, kwa sababu ikilala kazi pia inalala. Ndani ya gari ndiko hakuna mtu anaangalia, mpaka siku waya wa kiti umchome abiria au mkanda ukatae kufunga.

Mengi ya magari haya yalikuja nchini yakiwa tayari yametumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia, nani analihesabia tena? Toyota ilianza kuuza Probox mwaka 2002. Iliyotengenezwa miaka hiyo ya mwanzo leo imepita miaka 20, na viti vyake bado ni vilevile.

Sisi si gereji. Tunaandika haya kwa sababu pesa za viti, kapeti, vitasa na mikanda siku hizi hupita kwa simu, na wateja wanapotupigia wakilia juu ya spea, mara nyingi shida ilianza kabla ya kubonyeza “Tuma”. Mtu alinunua kitu kabla ya kujua kilichoharibika ni nini. Kwa hivyo ushauri wetu mkubwa ni mmoja: fungua kwanza, lipa baadaye. Ndani ya gari la zamani unaweza kufungua sehemu kubwa wewe mwenyewe, hapo nyumbani, ukiwa na bisibisi mbili, spana za 10, 12 na 14, na mchana mmoja usio na mvua.

Kabla ya yote, chomoa waya wa hasi wa betri. Kama gari lako lina mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu chochote kwenye viti, usukani au dashibodi. Waya zenye soketi za rangi ya manjano ni za mifuko hiyo. Hizo muachie fundi wa umeme anayezijua, hata kama jirani anasema ni kazi ndogo.

Anza na maji

Watu huanza na viti kwa sababu vinaonekana. Sisi tungeanza chini ya kapeti. Weka mkono pale anapokanyaga dereva, halafu nyuma ya kiti chake, na ubonyeze kwa nguvu. Kapeti linaweza kuwa kavu juu na limelowa chini, kwa sababu lile sponji la chini hukaa na maji kwa wiki nyingi, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei. Huko ndiko harufu mbaya inatoka, na huko ndiko sakafu ya gari inaanza kuliwa na kutu.

Jua maji ni ya aina gani. Kama yanaongezeka baada ya mvua na hayana rangi, yanaingia kutoka nje. Kama yananata kidogo, yana harufu tamutamu, na yanaonekana baada ya kuendesha gari huku umewasha hita, hayo si ya mvua. Ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita iliyo ndani ya dashibodi. Huku kwenye baridi hita inatumika sana, kwa hivyo usishangae. Ukibadilisha kapeti na kuacha hita inavuja, umetupa pesa. Na rejeta ikipungukiwa na maji, injini ndiyo inayofuata.

Maji ya mvua mara nyingi hupitia mlangoni. Chini kabisa ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Udongo mwekundu wa huku unayaziba, mlango unajaa maji, halafu maji yanatafuta njia yake. Zibua kwa kijiti. Ni bure. Sababu ya pili ni ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya padi ya mlango. Fundi wa redio akishaichana ili apitishe waya za spika, maji yanaingia ndani bila hodi. Plastiki nzito ya kawaida na gundi isiyokauka kabisa zinatosha kuirudisha.

Kufungua padi ya mlango kunaogopesha kuliko ilivyo. Kwenye magari ya kuzungusha dirisha kwa mkono, kile kishikio kimezuiwa na klipu ndogo ya chuma. Chukua kitambaa cha pamba, kipitishe nyuma ya kishikio, ukivute huku na huku kama mtu anayesugua kiatu, na klipu itaruka nje. Weka mkono mwingine karibu uidake. Ikishaingia kwenye nyasi sahau. Ondoa misumari ya parafujo, kisha vuta padi taratibu ukianzia chini. Zile klipu za plastiki za pembeni nyingine zitavunjika, ndivyo zilivyo zikizeeka. Zihesabu, na ubaki na moja nzima ya kuonyesha dukani. Hapo umeshajua unanunua klipu ngapi na za umbo gani, na hakuna mtu wa kukuuzia padi nzima.

Kapeti likilowa, toa viti. Kwenye Toyota nyingi za zamani kiti cha mbele kimeshikwa na bolti nne za 14. Zikikataa, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jana yake usiku. Anika kapeti na sponji lake siku nzima au mbili, lakini usiliweke juu ya moto. Sakafu yenye kutu ya juujuu isugue, uipake rangi ya kuzuia kutu. Ikiwa bisibisi inatoboa, acha hapo, mpelekee fundi wa kuchomelea. Na kama kutu iko pale bolti za kiti au za mkanda zinapofungwa, gari lisibebe mtu mpaka litengenezwe.

Jambo moja kwa wanaobeba maziwa. Yakimwagika, osha na maji baridi kwanza, si ya moto. Maji ya moto yanagandisha maziwa ndani ya kitambaa na harufu inakaa. Baada ya maji baridi na sabuni, nyunyiza magadi ya kuokea, yaache usiku kucha, asubuhi yafagie.

Viti

Kiti cha dereva huisha upande mmoja, ule wa mlangoni, kwa sababu kila siku mwili unasuguana nao akiingia na kutoka. Kitambaa kinachanika, sponji linasagika na kuwa unga. Watu wengi hushona kitambaa tu, wakaacha sponji. Baada ya miezi michache kinachanika tena palepale, maana hakuna kitu cha kukishikilia.

Geuza kiti, utaona kitambaa kimeshikwa na pete ndogo za waya. Zikate kwa koleo, ukichora au kupiga picha kila hatua. Kata sponji lililooza mpaka ufike kwenye lililo zima, kisha ubandike kipande kipya cha umbo hilo. Gundi ya ngozi, ile ya mafundi wa viatu, hupakwa pande zote mbili, unangoja ianze kunata bila kushika kidole, ndipo unaunganisha. Ukiunganisha ikiwa bado mbichi, itaachia. Usitumie sponji la godoro la zamani. Tunajua lipo nyumbani na ni bure, lakini ni jepesi, litalala chini ya uzito wa mtu mzima kabla ya mavuno yajayo. Omba sponji gumu la viti.

Angalia pia springi na reli. Springi iliyokatika inaweza kufungwa kwa waya mgumu ikakaa miaka. Reli hairekebishwi kwa waya. Kaa kitini, sukuma kwa miguu mbele na nyuma. Kama kiti kinaruka hata pengo moja, siku ya breki ya ghafla dereva atasogea na kiti chake mpaka kwenye usukani. Reli inabadilishwa.

Kushona kitambaa kizima ni kazi ya cherehani kubwa, na hapo wengi wetu tunahitaji fundi. Malipo tutayafikia.

Dari inayoning'inia

Hii ndiyo kazi inayowakosesha watu raha. Kitambaa cha dari kinashuka mpaka kinagusa kichwa, mtu anapiga pini, anapaka gundi, kinashuka tena. Kisa ni kwamba gundi yenyewe haikukosea. Nyuma ya kitambaa kuna sponji jembamba, na hilo ndilo limeoza. Ukipaka gundi juu ya unga, unabandika kitambaa kwenye unga.

Kazi inayodumu ni kutoa ule ubao wote wa dari. Ondoa vishikio, taa na vizuia jua, kisha mtoe nje watu wawili kupitia mlango wa nyuma, polepole, kwa sababu ukikunjika alama haitoki. Sugua unga wote kwa brashi laini mpaka ubaki ubao mtupu, funika pua. Bandika kitambaa kipya chenye sponji lake, ukianzia katikati kwenda pembeni. Pini za muda si dhambi, ila usimbebe abiria na pini juu ya kichwa chake.

Dashibodi iliyopasuka, kwa maoni yetu, ndiyo ya mwisho kwenye orodha. Ifunike kwa kitambaa kilichokatwa vizuri ukitaka, isipokuwa upande wa abiria kama kuna mfuko wa hewa. Vivyo hivyo kiti chenye mfuko wa hewa ubavuni hakivishwi kava la kawaida, maana litauzuia kutoka.

Mkanda haushonwi

Tangu sheria za Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004, Wakenya tulizoea kuulizwa kama tumefunga mkanda. Swali lisiloulizwa ni kama mkanda wenyewe bado unafanya kazi.

Uvute ghafla: unapaswa kukwama. Uachilie: unapaswa kurudi wenyewe. Ufunge, uvute kwa nguvu: usifunguke. Kama unarudi polepole, mara nyingi ni uchafu wa miaka mingi. Uvute wote nje, uubane usirudi, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uache ukauke kabisa kivulini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo wala rangi, vinaula uzi. Kama kifungo hakishiki, kiinamishe ukitikise, au ufyonze uchafu. Utashangaa sarafu na punje za mahindi zinazotoka. Usitie mafuta.

Mkanda uliokatika, uliochanika pembeni, au uliokuwa kwenye gari lililopata ajali hautengenezwi. Kuna fundi atakayekuambia atapitisha cherehani mara mbili na hautakatika. Uzi wa nguo haujaundwa kuzuia mwili wa mtu kwenye mwendo wa barabarani. Hapa ndipo pesa yako iende kwanza, kabla ya kitambaa, kabla ya dari. Ukinunua uliotumika, uvute wote mpaka mwisho uangalie kama una mikunjo, sehemu zilizong'aa kwa msuguano, au uzi ulionyooka kupita kiasi, maana hizo ni dalili za mkanda ulioshika mtu kwenye ajali.

Sasa pesa

Vitu vidogo utavipata Kianjokoma au Embu mjini. Spea nyingine ziko Nairobi, zaidi ya kilomita 120 kutoka Embu, na wengi hutafuta Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kwenda na kurudi ni siku nzima na nauli, kwa hivyo mtu anapiga simu, anatumiwa picha, anatuma pesa, anangoja kifurushi kwa matatu. Inawezekana vizuri, ukifuata njia.

Mtumie muuzaji nambari ya chasisi na picha ya kitu chako cha zamani, mbele na nyuma, kikiwa mkononi. Kisha mwambie akupigie video ya kile anachokuuzia, au akipige picha kikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali atafanya hivyo kwa dakika mbili. Aliyechukua picha ya mtu mwingine mtandaoni ataanza kukuambia ana haraka, kuna mteja mwingine amesimama.

Lipa kwa nambari ya till ya duka, si kwa nambari ya mtu. Kwa kawaida mnunuzi anayelipia till hakatwi ada ya kutuma, na hakuna ile habari ya “weka na ya kutoa”. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea. Ukiona duka ulilopigia linaitwa hivi na till inaitwa vingine kabisa, simama. Inaweza kuwa jina la mwenye duka, ndiyo, lakini muulize, usijijibu mwenyewe.

Usitume zote. Patana kiasi cha kuanzia, kilichobaki ulipe baada ya kupewa risiti ya kifurushi kutoka ofisi ya matatu, na nambari ya ofisi hiyo uitafute mwenyewe, usichukue aliyokupa muuzaji. Risiti pia inaweza kughushiwa.

Kuna jambo wateja hawapendi kulisikia: kurejesha muamala ni kwa pesa iliyokwenda kwa mtu asiyefaa kwa kukosea nambari, na hata hapo unapaswa kutoa taarifa mara moja, kabla haijatolewa. Si bima ya spea mbovu. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia halafu akakuletea kitasa cha upande wa kushoto badala ya kulia, hiyo ni kesi yako na yeye, na silaha yako ni ujumbe wa malipo, picha mlizotumiana na makubaliano yaliyoandikwa. Usiyafute.

Kwa fundi wa viti, tenganisha vifaa na kazi. Tuseme, kwa mfano tu, anakuambia 18,000 kila kitu na anataka 12,000 leo. Muulize vifaa ni ngapi. Akisema 10,000, nenda naye dukani au mpigie mwenye duka, na ulipe hizo 10,000 moja kwa moja kwenye till ya duka. Kitambaa na sponji vinakuwa vyako tangu dakika hiyo. Zinabaki 8,000 za kazi: 3,000 akishakata kitambaa, 5,000 viti vikirudi ndani ya gari. Fundi mwaminifu hatakasirika. Wengi hufurahi, kwa sababu hata wao hawataki lawama ya pesa ya vifaa iliyotumika kwa karo ya mtoto.

Kuhusu mikopo ya simu: kwa mkanda au reli ya kiti ya gari linalokuletea chakula, ukope tukikuelewa. Kwa dashibodi na kava za kupendeza, ngoja. Ukiwa mkulima wa chai unajua bonasi huingia Oktoba hivi. Fungua akiba ndogo kwenye simu, uweke kidogo kila malipo ya mwezi, na ufanye kazi ya dari wakati huo. Mkopo unaotozwa kila siku haujui kama mvua imekuzuia kutoa gari.

Na ukiuza viti vya zamani, usimpe mtu kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu yake, wala kwa ujumbe uliokuja kwako kutoka nambari ya kawaida. Angalia salio lako kwanza. Akikupigia dakika tano baadaye akidai ametuma nyingi kimakosa na anaomba umrudishie, mwambie apige huduma kwa wateja. Hatutakuomba PIN, na yeye pia hana ruhusa ya kuiomba.

Zile 5,000 za mwisho za fundi, usizitume akiwa bado anakusanya vyombo. Mpande gari pamoja, mshuke kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, upige breki, usogeze kiti mbele na nyuma, ufunge mkanda na kuufungua mara kumi. Kikilia mahali, mrudi akaze bolti. Kisha fungua simu, usome jina lake kwenye skrini, ndipo uweke PIN.